Utabiri wa Njia: Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya Mwezi Machi

Barabara Kuu ya TANZAM, inayotoka Dar es Salaam hadi Tunduma kwenye mpaka wa Zambia, hupita katika mikoa saba ya Tanzania, yaani Dar es Salaam, Pwani, Morogoro, Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe. Katika kipande chake cha takriban kilomita 830 kati ya Dar es Salaam na Mbeya, barabara hiyo humtoa msafiri usawa wa bahari, humpitisha katika mabonde yenye joto kali, kisha humpandisha hadi mwinuko unaokaribia mita 1,900 karibu na Mafinga. Swali ambalo kila mtu huuliza kabla ya safari, kwamba kesho hali ya hewa itakuwaje, halina jibu moja katika njia ya namna hii, kwa kuwa gari linaloondoka alfajiri hukutana na hewa za aina tatu au nne kabla ya jua kuzama. Masimulizi haya yanafuata safari ya gari dogo la familia iliyofanyika katikati ya Machi, na yanashikilia hoja moja: utabiri unaomfaa msafiri wa barabarani ni ule wa mahali fulani kwa saa ambayo gari litakuwa hapo, na panapokatiza mto, utabiri huo haukamiliki bila habari ya mvua iliyokwisha kunyesha kwingine.

Mwezi Machi una ugumu wake katika njia hii. Mvua za Tanzania hutawaliwa kwa kiasi kikubwa na ukanda mvua, yaani eneo ambalo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hewa yenye unyevu ikapanda juu, ikapoa na kutoa mvua, na eneo hilo huhama kaskazini na kusini kwa kulifuata jua. Ukanda wa pwani ya kaskazini, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huujumuisha pamoja na sehemu ya kaskazini ya Mkoa wa Morogoro, hupata misimu miwili ya mvua, Vuli ya Oktoba hadi Desemba na Masika ya Machi hadi Mei, ilhali nyanda za juu kusini magharibi hupata msimu mmoja mrefu, uitwao Msimu, unaoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kwa hiyo Machi ndio mwezi ambao Masika inaingia pwani wakati mvua za Msimu hazijaondoka Iringa, Njombe na Mbeya, na msafiri anaweza kunyeshewa katika mikoa yote anayoipita.

Maandalizi yalianza na taarifa za TMA yenyewe, taasisi iliyoanzishwa kama wakala wa serikali mwaka 1999 na kupewa hadhi ya mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Taarifa zake huwa za ngazi kadhaa: utabiri wa msimu mzima, utabiri wa siku kumi, wa siku chache zijazo, na utabiri wa saa 24 ambao hutaja saa unapoanzia. Juu ya hizo kuna tahadhari za hali mbaya ya hewa, ambazo hupangwa kwa uzito, likianza angalizo lenye rangi ya njano, ikifuata tahadhari yenye rangi ya machungwa, na mwisho tahadhari kubwa yenye rangi nyekundu. Mvua huhesabiwa kuwa kubwa inapozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na uzito wa kiwango hicho huonekana ukikumbuka kwamba milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Milimita 50 zikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba ya mlima usio na miti ni lita milioni 50, na sehemu kubwa ya maji hayo itatafuta kalavati lililo chini ya barabara.

Lugha ya taarifa hizo inahitaji kusomwa polepole. Maneno kama "mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua" husikika kila siku redioni, na wasikilizaji wengi huyachukulia kuwa ahadi ya siku njema, ingawa kwa hakika yanasema kwamba mvua itakuwepo mahali fulani ndani ya eneo kubwa na kwamba mahali penyewe hapawezi kutajwa mapema. Mkazi wa mtaa mmoja anaweza kuyasikia maneno hayo na asipate tone. Kwa msafiri ni tofauti, kwa sababu anayelipita eneo lote kutoka mwanzo hadi mwisho ana nafasi kubwa zaidi ya kupita chini ya hayo "maeneo machache" kuliko mtu aliyekaa mahali pamoja. Mkoa wa Mbeya unatoa mfano mwingine: tambarare za Usangu ni kavu kiasi kwamba mpunga wake hutegemea sana maji ya mito, wakati Tukuyu, iliyo ndani ya mkoa huohuo, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hivyo sentensi moja juu ya mkoa mzima haiwezi kuzieleza sehemu zote mbili.

Baada ya taarifa za mikoa, wasafiri waliangalia utabiri wa saa kwa saa unaopatikana kwenye simu, ambao hutokana na modeli, yaani programu kubwa za kompyuta zinazokokotoa mwenendo wa hewa kwa kuigawa dunia katika miraba. Modeli kuu ya Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa wa Masafa ya Kati hutumia miraba yenye upana wa takriban kilomita tisa, na upana huo unatosha kuonyesha tofauti kati ya Morogoro na Iringa, lakini hautoshi kuonyesha kona moja ya mlima wala wingu moja la radi. Saa zake nazo zinahitaji uangalifu, kwani wataalamu wa hewa duniani hutumia saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Panapoandikwa 06:00 kwa saa ya kimataifa, Tanzania ni saa tatu asubuhi, na panapoandikwa 12:00 ni saa tisa alasiri. Anayesahau kubadilisha saa anaweza kuitazamia radi ya alasiri wakati wa adhuhuri, akapumzika ilipofaa kuendesha na akaendesha ilipofaa kupumzika.

Kutokana na taarifa hizo lilitengenezwa jedwali fupi kwenye ukurasa wa daftari. Safu ya kwanza ilikuwa na majina ya mahali, ya pili saa ya kufika, ya tatu hewa iliyotabiriwa kwa saa hiyo, na ya nne jambo la kufanya endapo hewa ingekuwa mbaya kuliko ilivyotabiriwa. Saa ya kufika haikupatikana kwa kugawa kilomita kwa mwendo mmoja. Foleni ya kutoka Dar es Salaam hadi Kibaha, mizani ya Vigwaza inayokusanya malori, vijiji vyenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambamo barabara hupita kwa takriban kilomita 50 kwa mwendo mdogo, vyote viliongezwa kwenye hesabu. Hesabu ya saa ikikosewa, hata utabiri sahihi humdanganya msafiri, kwa kuwa ataisoma hewa ya saa ambayo hatakuwepo.

Gari liliondoka saa kumi na moja alfajiri chini ya mvua ya pwani, ambayo msimu wa Masika hupenda kunyesha usiku na asubuhi mapema, wakati upepo mwepesi wa nchi kavu unapokutana na hewa yenye unyevu kutoka baharini. Jedwali lilisema mvua ingefika hadi Mlandizi na kupungua karibu na Chalinze, na ndivyo ilivyokuwa, ila hatari ya kipande hiki ilitokana na maji yaliyobaki juu ya lami zaidi kuliko mvua yenyewe. Malori mazito yamechimba michirizi miwili katika kila upande wa barabara, michirizi hiyo hujaa maji, na gari dogo linapoingia humo kwa mwendo mkubwa tairi hupanda juu ya maji na kupoteza mshiko wa lami, usukani ukawa mwepesi ghafla na breki zisisaidie. Dereva alipunguza mwendo na kukaa nusu hatua kando ya michirizi, jambo ambalo liliongeza muda wa kufika Chalinze lakini halikuharibu jedwali, maana muda huo ulikuwa umetengwa.

Morogoro ilifikiwa asubuhi kukiwa na jua, huku Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake huzidi mita 2,600, ikiwa imefunikwa kuanzia kiunoni. Milima hiyo huikinga hewa ya bahari, huilazimisha kupanda na kuifanya imwage maji yake hasa upande wa mashariki, hivyo mji ulio upande wa pili unaweza kuwa mkavu wakati mito inayoshuka kutoka mlimani imejaa. Mbele yake tambarare za Mkata na hifadhi ya Mikumi zilipitwa bila mvua, na kwa kuwa mtandao wa simu huyumba katika vipande vya njia hiyo, utabiri mpya wa Iringa ulikuwa umehifadhiwa kwenye simu tangu Morogoro.

Kipande kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula ndicho kinachofundisha zaidi. Ruaha Mbuyuni iko bondeni, kwenye mibuyu na joto, na wafanyabiashara hupanga mafungu ya vitunguu kando ya barabara chini ya jua kali. Kutoka hapo barabara hupanda Mlima Kitonga kwa kona zinazofuatana, ukuta wa mwamba ukiwa upande mmoja na korongo upande mwingine. Hewa ambayo bado haijawa wingu inapopanda hupoa kwa takriban nyuzijoto kumi kwa kila mita 1,000, na ikiwa ina unyevu wa kutosha hufikia kiwango ambacho mvuke wake hugeuka matone madogo, likapatikana wingu. Kwa mtu aliye bondeni hilo ni wingu juu ya mlima, lakini kwa dereva aliyefika kwenye kona hizo ni ukungu, neno ambalo katika elimu ya hewa hutumika pale upeo wa kuona unaposhuka chini ya mita 1,000. Siku hiyo utabiri wa Mikumi ulionyesha jua na wa Iringa ulionyesha mawingu, na hakuna uliotaja ukungu, kwa kuwa hakuna utabiri wa kawaida unaotolewa kwa mteremko wenyewe. Msafiri hulazimika kuukisia kwa kulinganisha miji miwili: chini kukiwa na joto la unyevunyevu na juu kukiwa na mawingu mazito, kuna uwezekano mkubwa kwamba wingu litaikuta barabara mahali fulani katikati.

Makisio hayo yalithibitishwa na dereva wa lori aliyekuwa ameegesha Ruaha Mbuyuni akikagua tairi zake baada ya kushuka kutoka Iringa.

"Shikamoo mzee. Kitonga kukoje?"

"Marahaba kijana. Kunapitika, ila wingu limekaa barabarani kuanzia kona za juu. Washa taa, na ukikuta semitrela inapanda usiipite, kaa nyuma yake tu."

Hakuna modeli inayoweza kutoa habari ya namna hiyo, iliyoonwa kwa macho chini ya saa moja iliyopita na mtu anayeijua kila kona, na ndiyo sababu madereva wa njia hii huulizana kwenye mizani, vituo vya mafuta na migahawa. Utabiri humwambia msafiri la kuuliza, na aliyetoka huko ndiye anayejibu. Kona za juu zilikutwa jinsi zilivyoelezwa, lori moja likipanda kwa gia ndogo na taa zake za nyuma zikionekana kwa hatua chache tu, na gari dogo lilikaa nyuma yake hadi Ilula, ambako wingu lilikatika na matenga ya nyanya yakaonekana tena kandokando ya barabara.

Iringa ilifikiwa alasiri, na hapo jedwali lilidai uamuzi. Katika nyanda za juu mvua za Machi hupenda kuanza baada ya adhuhuri, kwa sababu jua la asubuhi hupasha ardhi, hewa ya chini hupanda kwa nguvu, na mawingu marefu ya radi hukomaa kati ya saa nane na saa kumi na mbili jioni. Utabiri wa saa kwa saa ulionyesha ngurumo kutoka Mafinga hadi Makambako kwa saa zilezile ambazo gari lingekuwa huko, na Mbeya ingefikiwa usiku juu ya lami iliyolowa. Kulala Iringa kulikwepesha radi, lakini kulileta jambo jingine: usiku wenye anga wazi baada ya mvua huiruhusu ardhi kupoteza joto lake haraka, hewa iliyo juu yake hupoa hadi mvuke kugeuka matone, na panapokosekana upepo ukungu hujaa mabondeni hadi jua lipande. Dalili zake zinaweza kusomwa jioni, kwa kutazama iwapo joto la chini la usiku limekaribia sana joto la umande, yaani kiwango ambacho hewa ikipoa hadi hapo huanza kudondosha unyevu wake, na iwapo upepo unaotabiriwa ni hafifu. Dalili hizo zote zilikuwepo kwa Mafinga na msitu wa kupandwa wa Sao Hill.

Kwa hiyo safari haikuendelea alfajiri kama ilivyozoeleka. Gari liliondoka Iringa baada ya saa mbili asubuhi, likafika Mafinga wakati ukungu unainuka kutoka kwenye misonobari, na madereva waliopita mapema walisimulia kwamba alfajiri hawakuweza kuona lori lililokuwa mbele yao. Uzito wa habari hiyo unaeleweka kwa hesabu: gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde, na dereva anayeona mita 50 tu mbele ana sekunde mbili na kidogo za kuona, kuamua na kusimama, muda ambao hautoshi hata kwa breki bora juu ya lami kavu. Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2023, mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, kwani basi linaloondoka Dar es Salaam saa moja usiku hukaribia Mafinga alfajiri, katika saa za ukungu kabisa. Abiria aliyelala hana habari kwamba saa ya kuondoka iliyoandikwa kwenye tiketi yake ndiyo iliyochagua hewa atakayokutana nayo.

Makambako, inayojulikana kwa upepo wake, ilipitwa kwa utulivu, na barabara ikashuka kuelekea Igawa na tambarare za Usangu, ambako anga lilikuwa safi na utabiri ulionyesha jua tangu jana yake. Hata hivyo mto uliopita chini ya daraja la Chimala ulikuwa wa rangi ya udongo, umejaa hadi karibu na kingo, na magogo yalikuwa yakigonga nguzo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mchele karibu na daraja alieleza kwa ufupi: "Huku hatujaona tone tangu juzi, mwanangu. Hayo ni ya milimani."

Mito ya Mbarali, Kimani na Chimala hushuka kutoka Milima ya Kipengere, ambako mvua ya jana alasiri ilinyesha mbali na macho ya wanaosafiri bondeni, na maji yake yalihitaji saa kadhaa ili kuifikia barabara. Msafiri anayesoma hewa ya mahali alipo tu huambiwa ukweli kuhusu anga, lakini haambiwi lolote kuhusu mto. Kanuni inayofaa ni kuangalia mvua ya saa 24 zilizopita katika milima iliyo juu ya kila daraja, na kutovuka kamwe maji yanayopita juu ya barabara, kwa kuwa maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 huweza kulisukuma gari dogo, na ya sentimita 60 huyachukua magari mengi. Tanzania imeyaona madhara haya mara nyingi. Machi 2020 mafuriko yalilibomoa daraja la Kiyegeya wilayani Gairo na kukata barabara ya Morogoro hadi Dodoma, na Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya, ambacho TMA ilikuwa imetoa taarifa zake mapema, zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga.

Kutoka Igurusi barabara ilipanda tena hadi Uyole, na Mbeya ikafikiwa mchana, kabla mawingu ya alasiri hayajaanza kukusanyika juu ya Milima ya Uporoto. Safari nzima haikubadilishwa mahali pa kwenda wala njia ya kupita. Kilichobadilika ni saa za kuondoka, mwendo katika vipande viwili na uamuzi wa kulala Iringa, na kila badiliko lilitokana na taarifa ambayo mtu yeyote mwenye simu au redio anaweza kuipata bila malipo.

Hapo ndipo ulipo wajibu ambao haupaswi kuachiwa dereva peke yake. Mwenye gari la familia anaweza kusubiri ukungu uinuke, lakini dereva wa basi hufuata ratiba aliyopangiwa, na dereva wa lori hufuata simu ya mwenye mzigo. TMA tayari inatoa taarifa, Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS, unazijua barabara na madaraja yake, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ndiyo inayosimamia ratiba za mabasi. Taasisi hizi zikiunganisha kazi zao, Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli jijini Dar es Salaam kinaweza kubandikwa kila jioni utabiri wa njia ya Mbeya uliopangwa kwa vituo na kwa saa, na basi likaruhusiwa kuchelewa kuondoka bila adhabu pale ukungu wa Mafinga au mito ya Usangu inapodai hivyo. Abiria naye ana haki ya kuuliza kabla ya kupanda, na jibu la kwamba ratiba hairuhusu kusubiri halipaswi kukubaliwa katika nchi ambayo tayari ina taarifa za kumwezesha kila msafiri kufika salama.